Mpiga Ngoma Aende kwa Nani

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na mwenye simu aizime, maana sitarudia. Hadithi yangu haina marefu, lakini ina swali mwishoni, na hatoki mtu humu ndani bila kunijibu. Mimi nimelifikiria peke yangu mpaka nimechoka.

Palikuwa na watu watatu, wa hapa hapa Tanga, na kila mmoja alikuwa na lake.

Wa kwanza ni Mhina, fundi wa meno ya bandia. Ukicheka mbele ya Mhina yeye hacheki, anakutazama meno. Mikono yake imezoea nta, plasta na ile plastiki ya rangi ya ufizi, na kitu chochote alichokiona mara moja anaweza kukifinyanga kikawa kidogo kama punje ya hindi, na bado ukakitambua.

Wa pili ni Kibibi, mchoraji wa hina na piko. Mabibi harusi wa Ngamiani na Chumbageni wanamwekea nafasi kabla hata mahari haijafika. Mkono wake hautetemeki. Nimewahi kumwona akichora ua kwenye kidole cha mtoto anayelia na kurusha miguu, na ua halikupinda.

Wa tatu ni Stambuli, fundi cherehani. Mafundi wengine huvaa futi shingoni, yeye ya kwake iko kwenye droo. Ukisimama mlangoni anakuangalia kwa jicho moja na kukutajia kiuno chako, tena kwa sauti, hata kama dukani kuna watu. Cha kwangu alikitaja mbele ya mashemeji zangu na mpaka leo sijamsamehe.

Watu hawa watatu walikuwa na mchezo mmoja: vita vya mezani. Najua wengine mnajiuliza ni vita gani hivyo. Unachukua meza kubwa, unatengeneza vilima kwa vipande vya godoro, miti kwa sponji ya kuoshea vyombo, mto kwa kitambaa cha bluu. Juu yake unapanga askari, visanamu vyenye kimo cha kidole cha mwisho, mmoja upande huu na mwenzako upande ule. Mnasogeza kwa zamu, mnapima kwa inchi, mnarusha dado kuona nani kafa na nani kapona. Watu wazima wenye kazi zao na ndevu zao wanagombana kwa ajili ya upana wa ukucha. Mimi Bi. Tunu nilichezesha netiboli mpaka magoti yakakataa, kisha wakaniomba niwe mwamuzi wao kwa sababu hawakumpata mwingine wa kuwanyamazisha. Kwa hiyo haya ninayowaambia sikuyasikia kwa mtu. Nilikuwepo, na filimbi shingoni.

Mchezo huo aliuleta Mbelwa, mwalimu wa hesabu, rafiki yao wa nne. Aliwakusanya nyuma ya duka la Stambuli, kwenye meza ya kukatia nguo, akawafundisha. Baadaye watu wa mikoa mingine wakajiunga, likazaliwa tamasha la kila mwaka kule Morogoro, na kanuni za tamasha aliziandika Mbelwa. Zote ni nzuri. Ila moja imetutesa.

Kanuni hiyo ni ya mateka. Anayeshinda meza ya fainali anachagua askari mmoja katika jeshi la aliyeshindwa, yeyote amtakaye, anaondoka naye. Mateka harudishwi kwa huruma wala kwa urafiki, anakombolewa mezani tu. Na siku akikombolewa, anapokelewa na mkono wa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye amri juu yake. Mbelwa aliiongeza hiyo ya mkono mmoja baada ya ndugu wawili wa Dodoma kumgombania tembo wao aliyekombolewa, huyu anavuta huku na yule kule, mkonga ukabaki kwa mmoja na tembo kwa mwingine. Tulicheka sana siku ile, na Mbelwa ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kisha Mbelwa akaugua. Alipojua kwamba hatapona, alikwenda kwenye karakana ya Mhina na kufinyanga kisanamu cha mwisho: mpiga ngoma, mwenye sura yake mwenyewe, na pengo lake la mbele, na ile tabia yake ya kuinamisha kichwa upande anapokusikiliza. Mhina akamtolea kalibu ya plasta na kumimina plastiki ndani yake. Kibibi akampaka rangi kando ya kitanda, mgonjwa akimwelekeza, "Pengo liongeze, dada, mimi si mzuri kiasi hicho." Stambuli akakata kiuzi cha shati la Mbelwa, akakisokota kikawa mkanda wa ngoma. Wiki iliyofuata tukamzika.

Msiniulize habari za mama yake. Mama yake nilimwendea mwenyewe. Aliniambia yeye ana nguo za mwanawe na ana picha zake, na kwamba kile kisanamu ni cha wale watatu, hakihusu nyumba yake. Basi hilo tuliweke pembeni.

Mwaka jana walikwenda Morogoro bila Mbelwa kwa mara ya kwanza. Wangeweza kumwacha mpiga ngoma ndani ya boksi. Lakini mpiga ngoma hukaa mstari wa mbele, na wao waliona ni kumvunjia heshima kumficha nyuma ya vilima, wakamweka mbele ya jeshi zima. Walifika fainali. Wakashindwa. Bwana Byabato wa Bukoba, mtu mpole, mwenye jeshi la farasi, akazunguka meza akichagua mateka wake. Alimwona mpiga ngoma, akasema, "Huyu ndiye mzuri kuliko wote," akamchukua.

Hakujua. Ningefanya nini mimi? Kanuni ni kanuni. Nilipuliza filimbi, nikaenda kulia chooni.

Baadaye mtu alimweleza Byabato, na alipiga simu siku ile ile. "Namrudisha," alisema. "Namleta mwenyewe Tanga, kwa basi." Wale watatu walikuwa wamekaa dukani kwa Stambuli, simu iko katikati ya meza. Kibibi ndiye aliyesema, "Tunakushukuru, kaka. Lakini Mbelwa aliandika harudishwi kwa huruma. Tukimvunjia kanuni yake mwenyewe, tutakuwa tumemrudisha nani?" Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Byabato akasema basi atamtunza, na alimtunza kweli. Alimweka juu ya kabati la vyombo, mbali na jua, na watoto wake walikuwa wanamsalimia asubuhi kabla ya kwenda shule.

Hivyo mwaka huu walikwenda Morogoro kwa jambo moja tu. Wamtoe Mbelwa mikononi mwa watu, wamrudishe nyumbani.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Mhina alilitengeneza upya jeshi zima, askari wa mikuki wapya watupu. Lakini maagizo ya meno yalikuwa mengi mwezi ule, wazee walitaka meno kabla ya Idi, muda ukambana. Miili aliimimina kwa plastiki ngumu, ila mikono na mikuki akaiacha ya nta, akijiambia ataimalizia tukifika. Nta ya fundi meno, ndugu zangu, imetengenezwa ilainike kwa joto la mdomo wa mtu. Yeye anaishika kila siku na alilisahau hilo. Boksi lilikaa kwenye kioo cha mbele cha basi kuanzia Segera. Tulipolifungua ukumbini Ijumaa mchana, jeshi zima lilikuwa limerukuu. Mikuki imelala, mikono imeshuka hadi magotini.

Ukumbi ulicheka. Watu wa Iringa walituuliza kama askari wetu wamekwenda kuomba msamaha. Mimi kama mwamuzi ilibidi niseme kilichoandikwa, kwamba askari aliyevunjika au kupinda haingii mezani, na ukaguzi ni saa kumi.

Mhina hakubishana. Alitandika gazeti sakafuni, akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa unga na maji yake ya kuchanganyia, ile plastiki ya ufizi, maana hiyo ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Akaanza kukata mkono wa nta na kuuwekea mkono mpya, askari kwa askari. Hakunywa maji. Stambuli alimletea chapati, ikapoa pembeni. "Kula, bwana," Stambuli alimwambia. Mhina akasema, "Mimi ndiye niliyemwinamisha. Niache nimsimamishe." Nilipokuja kukagua, kila askari alikuwa wima, mkuki juu. Walikuwa na mikono ya pinki kama ufizi, ndiyo, lakini walikuwa wima. Nikawapitisha. Bila Mhina hapo, tungepanda basi la kurudi siku ile ile.

Kibibi naye alipewa tatizo kutoka hapo, maana mikono mipya haikuwa na rangi. Kanuni ya Mbelwa inaruhusu Jumamosi ucheze na askari ambao hawajakamilika rangi, lakini Jumapili, siku ya fainali, hapandi mezani askari hata mmoja asiye na rangi kamili. Na Jumamosi ni mechi baada ya mechi, askari wako mezani wanapigana. Utawapaka saa ngapi?

Kibibi alivuta kiti, akakaa kwenye kona ya meza, akasema, "Nileteeni wafu."

Ikawa hivyo. Kila askari wetu aliyeuawa aliondolewa mezani na kwenda moja kwa moja kwa Kibibi. Yeye anampaka, anamkausha kwa drayer ya saluni, anamweka kwenye kitambaa, anangoja maiti mwingine. Ikafika mahali Stambuli anacheza vizuri mno, hafi mtu, na Kibibi amekaa bure. "Kaka Stambuli," alimwambia, "nipe wawili watatu, brashi inanikaukia." Stambuli akamjibu kwamba yeye yuko vitani. "Nami niko kazini," Kibibi alisema. Watu waliacha meza zao wakaja kutazama hilo tu. Na Stambuli, nawaambia ukweli, alimpeleka mmoja mmoja mbele akafe, na bado akashinda mechi zake.

Jioni tulikuwa sare kwa pointi na Iringa. Timu moja tu ndiyo inayokwenda kukutana na bingwa wa mwaka jana, yaani Byabato. Mkilingana, waamuzi wanatazama majeshi, na lenye rangi bora ndilo linalopita. Nilichukua lenzi. Jeshi la Iringa lilikuwa zuri, safi, kila kitu mahali pake. Kisha nikainama kwa Kibibi. Ile rangi ya ufizi iliyotuchekesha ukumbi mzima hakuifuta yote. Aliiacha kwenye viganja, kwenye kucha, akaigusisha na midomo. Kila askari alikuwa na kiganja cha mtu aliye hai. Nilimwona mmoja amefumba macho nusu, kama mtu aliyeamshwa mapema asubuhi. Nikainua kichwa, nikawatazama waamuzi wenzangu, na hatukuhitaji kuzungumza. Kapteni wa Iringa mwenyewe aliinama akatazama, akampa Kibibi mkono. Bila Kibibi hapo, tungekaa Jumapili viti vya nyuma, tunapiga makofi.

Stambuli akabaki na meza ya fainali. Nyuma ya meza, kwenye pembe, kwenye kitambaa cheupe, alisimama mpiga ngoma, maana mateka lazima aletwe atazame vita vyake. Sikuweza kumwangalia. Stambuli alimwangalia mara moja tu, halafu akamgeuzia mgongo. Nilijua kwa nini. Mwaka jana aliyekuwa amekaa kiti kile, aliyemsogeza mpiga ngoma mbele kwa vidole vyake na kumpoteza, alikuwa ni yeye.

Byabato alicheza vizuri. Farasi wake walishika kilima cha kati mapema na hawakutoka. Walioshika kilima mwishoni ndio washindi. Tulifika zamu ya mwisho, farasi bado wako juu, na askari wetu wa mikuki wamebaki kikundi kimoja tu, mbali kule, upande wa pili wa mto wa kitambaa. Sasa mjue kanuni: huruhusiwi kupima kabla ya kutangaza shambulio. Unatangaza kwanza, ndipo mwamuzi anapima. Usipofika, askari wako wanabaki wazi katikati, na wa kwanza kupiga ni adui.

Kila aliyesimama pale aliona ni mbali. Byabato naye aliona. Akasema kwa upole, "Kaka, usiende. Rudi kwenye miti, nami nitawashusha farasi, tutatoka sare, jeshi lako litabaki salama."

"Sare haimkomboi mtu," Stambuli alisema.

"Najua. Lakini ukipoteza, nalazimika kuchukua mwingine."

Stambuli akafumba jicho moja. Mimi jicho lile nalijua. Alitazama kilima, akawatazama askari wake, akatazama tena kilima, kama mteja ameingia dukani na anataka suruali bila kuguswa. Mhina alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kibibi alikuwa amegeuka ukutani.

"Natangaza shambulio," Stambuli alisema. "Inafika."

Nikaitwa na futi yangu. Nililaza mwanzo wake kwenye kidole cha mguu cha askari wa mbele, nikaivuta, nikaipitisha juu ya mto, nikaifikisha kwenye kwato za farasi wa kwanza. Nikapima tena, kwa sababu sikutaka mtu aseme nimependelea. Ilifika. Haikuzidi hata upana wa uzi, lakini ilifika. Baada ya hapo zikarushwa dado, na dado zilikuwa upande wetu, sikatai. Ila dado hazirushwi kwa ajili ya askari aliyebaki njiani. Farasi wakashuka kilimani, mikuki ikapanda. Bila Stambuli hapo, Mbelwa angerudi Bukoba.

Nikapuliza filimbi. Ukumbi wote ulisimama.

Byabato alizunguka meza, akamchukua mpiga ngoma kwa kitambaa chake cheupe, akaniletea mimi, kama kanuni inavyosema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Watoto watanilaumu," aliniambia, "lakini nimefurahi." Nikasimama mbele ya wale watatu, kiganja kikiwa kimefunguka, na Mbelwa amesimama juu yake na pengo lake. Nikasema maneno ambayo mwamuzi husema: "Mateka amekombolewa. Ni mkono wa nani utakaompokea?"

Mikono mitatu ilitoka kwa pamoja.

Ikarudi kwa pamoja. Wakatazamana, na nikaona kila mmoja amestuka kuona wenzake nao wamenyoosha. Siku zote hizo hawakuwa wameliongea. Walikuwa wanafikiria kumkomboa tu.

Tukatoka nje, kwenye ngazi za ukumbi, tukakaa. Nikawaambia kila mmoja aseme.

Mhina alisema, "Nipeni nikamweke kwenye kabati la kioo, pale karakanani, kwenye benchi alilomfinyangia. Asiguswe tena. Alipochukuliwa mwaka jana nilihisi tumemzika mara ya pili, na mara ya tatu mimi siiwezi. Akiwa na mimi, nina hakika hatapotea."

Kibibi akafuata. Wote tulijua kwamba anaolewa baada ya mwezi wa mfungo sita, ule wa Maulidi, na mchumba wake ana kazi Songea. Hili lilikuwa tamasha lake la mwisho nasi. "Nyinyi mnabaki na duka, mnabaki na meza, mnabaki mtaa mmoja," alisema. "Mkitaka kumzungumzia Mbelwa mnavuka barabara. Mimi kule sina mtu hata mmoja aliyemjua. Nikitaja jina lake nitaulizwa ni nani. Nipeni niwe naye. Rangi yake ikififia nitaijua, kwa sababu mimi ndiye niliyempaka naye akinitazama."

Stambuli aliongea mwisho, na sauti yake haikuwa ile ya kutaja viuno vya watu. "Mimi nikipewa nitamrudisha mezani. Mwakani, mstari wa mbele. Ndiyo, anaweza kuchukuliwa tena. Mbelwa alijua hivyo alipomfinyanga. Angetaka kukaa kabatini angefinyanga mtu aliyekaa. Alifinyanga mpiga ngoma. Mnataka kumtunza, nami nawaelewa, lakini mtamtunza akiwa amenyamaza. Mimi ndiye niliyempoteza, na sitaki kumaliza maisha yangu nikiwa mtu ambaye baada ya kumpoteza aliogopa kumtoa tena."

Kibibi akaanza kulia, na Mhina akamwekea mkono begani. Hakuna aliyegomba. Afadhali wangegomba, ningepuliza filimbi.

Kuna mtu hapo nyuma namwona anataka kusema tutoe nakala tatu. Kaa chini, mwanangu, nilikuwa wa kwanza kulisema. Mhina alitikisa kichwa kukataa. Ukimtia kwenye kalibu tena, rangi ya Kibibi inabanduka na mkanda wa shati la Mbelwa unakatika, na ukishamaliza una visanamu vitatu ambavyo Mbelwa hakuvigusa. Na msiniambie wapokezane mwaka kwa mwaka. Kwa Mhina haruhusiwi kwenda vitani, kwa Stambuli lazima aende, na akichukuliwa zamu ya Stambuli, zamu ya Kibibi itakuwa ya nani? Ndiyo maana Mbelwa aliandika mkono mmoja. Alikuwa mwalimu wa hesabu, alijua kuna vitu havigawanyiki.

Kanuni inasema wenyewe wakishindwa kukubaliana, anaamua mwamuzi, na uamuzi wake haukatiwi rufaa. Mwamuzi ni mimi. Nimeamua mipira iliyotoka nje na vidole vilivyokanyaga mstari, na sikuwahi kukosa usingizi. Hili limenishinda. Bila Mhina tusingekuwa na jeshi. Bila Kibibi tusingekuwa na fainali. Bila Stambuli tusingekuwa na ushindi. Nikimpa mmoja kwa sababu ya kazi yake, wenzake wawili walifanya ileile. Nikimpa mmoja kwa sababu ya machungu yake, nitakuwa nimeyapima machungu ya watu watatu kwa futi, na futi ya kazi hiyo sina.

Niliwaomba wanipe muda. Wamenipa, ila Kibibi ameanza kufunga mizigo, na jana aliniuliza kwa adabu tu, "Bi. Tunu, bado?"

Basi nimekuja naye. Huyu hapa, natoa kitambaa, namsimamisha mezani mumwone. Njooni karibu, ila mikono nyuma. Tazameni alivyoinamisha kichwa. Kesho asubuhi nitamweka kwenye mkono wa mmoja, na wawili watarudi nyumbani mikono mitupu mbele ya macho yangu. Anza wewe uliyekaa mbele, usitazame chini. Ungekuwa mimi, ungemweka kwenye mkono wa nani, na wale wawili wengine ungewaambia nini?